Bibi wa Kisimani na Lango la Saba

Kijiwe cha Barabara ya Kumi na Nne, hapa Ngamiani, hakina kiti. Kina taruma moja la reli, gogo lile la kulazia vyuma, ndilo la kukalia. Mzee Badru alipostaafu kazi ya njia ya reli, wenzake walichagua zawadi ya saa za ukutani, yeye akaomba taruma, na leo saa zote zimekufa, taruma lipo. Limeelekezwa kwenye mlango wa kibanda cha gemu cha Tahiri, ili wanaokunywa kahawa waione tivii bila kuinuka. Mwenye kahawa ni Masoud, jina la mtaani Redio, kwa sababu hazimwi. Pembeni yake hukaa Ernesti fundi baiskeli, mrefu mwembamba, baba yake alikata mkonge miaka thelathini, basi na yeye wakamwita Mkonge. Siku hiyo ya Ijumaa baada ya alasiri hakuna aliyetulia. Redio alikuwa anamimina kahawa kwenye vikombe vilivyojaa. Mkonge alikuwa anajaza upepo gurudumu ambalo tayari lilikuwa gumu. Na Mzee Badru, ambaye hutulia kupita wote, alikuwa anagonga fimbo yake chini, ko, ko, ko.

Sababu ilijulikana. Kesho yake mzee alikuwa anahamia Dar es Salaam kwa binti yake Saleha, basi la saa kumi na mbili asubuhi, na Hamdani alikuwa bado hajavuka lango la saba.

Huyo Hamdani ni mtu wa kwenye gemu. Jina lake halisi ni la huko huko gemu lilikotengenezwa, hakuna anayeliweza, kwa hiyo Tahiri alimpa jina la kikwetu. Gemu lenyewe kijiweni wanaliita Upanga. Lina sehemu saba zilizotoka kwa miaka kumi na minne, majoka, majini, misitu inayotembea, na kila sehemu ni ngumu kuliko iliyopita. Mzee Badru amezifuata zote saba kwa masikio. Macho yake yana mtoto wa jicho, tivii kwake ni mwanga tu unaochezacheza. Tahiri hucheza, Tahiri husimulia, mzee husikia.

– Umekufa tena? aliuliza mzee.

– Nimekufa, mzee.

– Ya ngapi leo?

– Sijahesabu.

– Kumi na moja, alisema Redio. Mimi nahesabu. Yakhe, shusha ugumu. Kuna mahali pa kushusha, nimeona mwenyewe watoto wa mtaa wa Chumbageni wakishusha.

– Hapana, alisema Tahiri.

– Kwa nini?

– Tumecheza sita kwa ugumu. Ya saba tuwe wezi?

Maneno mazuri hayo, na Mkonge alitikisa kichwa kuyakubali. Lakini tusidanganyane. Tahiri alikuwa anaogopa. Lugha ya gemu lile hakuijua ng'o, alichojua ni "anza", "endelea" na "umekufa". Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane, sehemu ya kwanza kabisa, alitokea bibi mmoja kisimani, maandishi yakaanza kukimbia chini ya tivii, na Mzee Badru akauliza kwa mara ya kwanza: anasemaje huyo bibi? Tahiri aliona aibu kusema hajui. Akasema anasema yeye ndiye mama yake Hamdani, lakini amefungwa ulimi, hawezi kusema neno na mwanawe mpaka mwanawe avuke malango saba. Saba alilitoa kichwani tu. Nani angejua kwamba gemu lile litafika sehemu ya saba, na kila sehemu itaishia langoni?

Basi kwa wiki tatu lango la saba lilikuwa linamwua, na kila akifa, moyo ulimshuka na kupumua kwa wakati mmoja. Maana nyuma ya lango bibi angesema. Na Tahiri angeulizwa.

– Mimi najua kwa nini limekuwa gumu hivi, alisema Redio. Hadithi imewaishia. Mwalimu akija darasani hajajiandaa hufanyaje? Anatoa mtihani mgumu. Nyinyi mnahangaika, yeye anapiga usingizi. Hao watu wamekaa huko wanalala.

– Wewe huelewi hadithi, alisema Mkonge. Ugumu ndio hadithi yenyewe. Hamdani akipita kirahisi, mama atamwambia nini? Karibu, kaa ule? Tutakuwa tumekunywa kahawa miaka kumi na minne kwa ajili ya karibu ule?

– Mimi ningefurahi, alisema Mzee Badru.

– Na ukishusha ugumu, Mkonge aliendelea, mama naye atakuja wa kushushwa. Hatalia vizuri.

– Huyo mama ndiye tatizo, alisema Redio, akaweka birika chini ili mikono iwe huru. Nimefikiria jana sikulala. Mama ndiye aliyemweka mlinzi.

– Mama gani anamfungia mwanawe lango? aliuliza Mkonge.

– Mwenye mume mpya ndani. Ameolewa huko, ana watoto wengine wanne, leo aje huyu na upanga na jasho la majoka, atamweka wapi?

– Astaghfirullah, alisema Mzee Badru, lakini alisogea karibu.

– Siyo mume mpya, alisema Mkonge. Ni mume yule yule. Mlinzi ndiye baba. Ndiyo maana hapigiki. Nani hapa amewahi kumpiga baba yake akapita?

– Kama ni baba, mbona hamjui mwanawe? aliuliza Mzee Badru.

– Mzee, amevaa kofia ya chuma mpaka shingoni. Anamjulia wapi?

– Na Hamdani mwenyewe, alisema Redio kwa sauti ya chini, mna hakika ni Hamdani? Kwenye sehemu ya tatu alianguka mtoni. Aliyetoka alikuwa na ndevu. Yule ni ami yake.

Mkonge akaitupa pampu. Wakaanza kuzozana juu ya ndevu, kama mtu anaweza kuota ndevu chini ya maji au hawezi, na Tahiri akafa mara ya kumi na mbili, na ya kumi na tatu. Vidole vilikuwa vinateleza kwenye pedi ya kuchezea gemu. Fimbo ya mzee ilikuwa inagonga, ko, ko, ko.

– Tahiri, mwanangu, alisema mzee. Mimi mambo ya heshima ya upanga siyajui. Saleha huko ana tivii kubwa, lakini nani atanihadithia? Shusha ugumu. Nataka nimsikie mama yule kabla sijaondoka.

Tahiri alibonyeza "anza" tena. Alijiona mbaya, na alikuwa mbaya kweli, maana mzee hajawahi kumwomba kitu.

Ndipo akaja Leticia, mwalimu mgeni wa lugha za kigeni, aliyehamia shule ya jirani kutoka Lushoto wiki ile ile. Alikuja kuchukua baiskeli yake kwa Mkonge.

– Shikamoo, babu. Hamjambo?

– Marahaba. Hatujambo, mwalimu, alisema Mzee Badru. Kaa, baiskeli ipo tayari, ila fundi yuko vitani.

Hakukaa. Alisimama ameshika usukani, akamwangalia Hamdani akikimbilia lango, akimkata mlinzi mguuni, akikanyagwa, akifa. Akaangalia tena mara ya pili. Kisha akauliza, kwa adabu tu, kama mtu anayeuliza njia:

– Samahani. Kwa nini mnampiga?

– Nani?

– Huyo wa langoni.

Redio alifungua mdomo. Mkonge alimtazama Tahiri. Tahiri aliitazama tivii.

– Si ni mlinzi, alisema Mkonge.

– Ndiyo, lakini yeye hajaanza. Kila mkifika anasema jambo moja kwanza, limeandikwa hapo chini. Anasema anayetaka kupita aweke silaha chini.

Fimbo ya mzee ilibaki hewani.

– Wiki tatu, alisema Redio.

– Weka chini, mwanangu, alisema Mzee Badru.

Kitufe cha kutua upanga Tahiri alikijua toka sehemu ya pili, hakuwahi kukitumia. Alikibonyeza. Hamdani akautua upanga kwenye mchanga. Mlinzi akakitazama chuma kile, akasogea pembeni, lango likafunguka bila kelele. Ndani palikuwa na ua, kisima, na bibi yule yule aliyeketi vile vile kama miaka kumi na minne iliyopita. Maandishi yakaanza kukimbia.

Mzee Badru alisimama. Mkonge akamshika kiwiko.

– Kisima, si ndiyo? Nasikia maji. Anasemaje?

Tahiri alikuwa na maneno tayari. Angeweza kusema mwanangu umekonda, angeweza kusema nisamehe, mzee angelia na wote wangelia. Lakini mwalimu alikuwa nyuma yake, anasoma, midomo inachezacheza. Na zaidi ya mwalimu, alikuwa amechoka. Miaka kumi na minne ni mingi kwa uongo mmoja.

– Mzee, sijui.

– Hujui vipi?

– Lugha hii sijui kuisoma. Sijawahi kujua, tangu ile ya kwanza. Yule mama nilimtunga.

Mzee Badru aligeuza uso kuelekea iliko sauti ya mwalimu.

– Wewe waijua?

– Naijua, babu.

– Niambie, anasemaje?

Leticia alimtazama Tahiri. Tahiri akainamisha kichwa.

– Anauza dawa, babu, alisema mwalimu polepole. Za majeraha. Anauliza unataka chupa ngapi, moja, tano au kumi.

– Chupa, alisema Mkonge.

– Na ni hilo tu?

– Ni hilo tu, babu. Maandishi yanarudia yale yale.

Mzee Badru alikaa. Alikaa vibaya, nusu ya taruma, akaiweka fimbo katikati ya miguu. Tahiri alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe, lingekuwa jambo jepesi.

– Basi, alisema mzee mwishowe, mama niliyemngoja mimi miaka yote hii ni mama wa nani?

Redio akainamisha birika juu ya kikombe cha mzee, tone moja, mawili, ikaisha. Akaishikilia vile vile.

Tahiri akaiacha pedi sakafuni, akatoka kibandani, akaja kukaa kwenye taruma, mahali ambapo hajawahi kukaa kwa sababu siku zote yeye ndiye mchezaji.

– Ni mama yake Hamdani, mzee.

– Umesema umemtunga.

– Nimemtunga. Ni mama yake.

– Haya. Mwanawe amevuka saba. Anasemaje?

Tahiri akafungua kinywa. Akatafuta lile la mwanangu umekonda, akaliona halifai hata kumwambia mbuzi. Akatafuta jingine. Kumbe miaka yote alijishughulisha na malango, ni kila siku lango lipi, jini gani, moto wa rangi gani, na hata mara moja hakukaa kujiuliza mwanamke aliyenyamazishwa muda wote ule angeanza na neno lipi.

Mzee Badru alimsubiri kadiri ya mtu kumaliza kikombe kimoja. Kisha akainuka, safari hii bila kushikwa.

– Basi langu ni saa kumi na mbili, alisema. Nitakuwa stendi saa kumi na moja na nusu. Una usiku kucha wa kufikiri.

Akapapasa njia kwa fimbo yake, akaelekea nyumbani kumalizia kufunga mizigo.