Jani la Kwa Simone

Kwenye kona yetu hapa Tshopo, mbele ya meza ya kahawa ya Mama Germaine, lipo benchi moja tunalolikalia kila asubuhi kana kwamba tumeajiriwa. Issa tunamwita Archives, kwa sababu anakumbuka hata yasiyotokea. Sadrack ni Ingénieur, na hajawahi kutengeneza kitu kikapona. Papa Lambert ni Terminus. Zamani alikuwa convoyeur, mtu wa mlangoni katika basi la Banalia. Leo ukungu ulipanda kutoka mtoni, na mazungumzo yakapotea njia mapema.

— Vituo ya barabara ya Banalia imebakia majina tu, Issa alianza. Pori imekula yote. Tuseme Kwa Simone. Simone alikuwa nani?

— Bibi ya muzungu moja, Sadrack akajibu. Alikuwa anangojea bwana yake pale, na mwavuli.

— Bongo, uongo mutupu! Issa akamkatiza. Simone ni jina ya bus yenyewe. Na haikukufa. Inatembea mu pori mpaka leo. Ukungu ikiwa mingi, batu banasikia klaxon yake, ile honi ya zamani.

— Nani anaendesha? Sadrack akauliza.

— Hakuna mutu. Inajua njia. Akiba haiozi, ndugu.

— Akiba inaingia wapi hapa? Mama Germaine akauliza.

— Bus ni akiba ya Leta, ya serikali, donc haiwezi kuoza.

Sadrack alifumba macho.

— Alors na vituo inatembea. Bus ikipita, kituo inaamuka, inaifuata. Njo maana hatuione tena.

Hakuna aliyecheka. Ukungu ulikuwa umeficha hata nyumba ya jirani, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani iwe kweli. Papa Lambert ndiye aliyeturudisha.

— Munakumbuka majani? Mutu mwenye kungojea alifunga jani ya ngongo, ile pana ya kufungia chakula, ku muti ya kituo. Bus ikifika, mimi nashuka, nafungua. Nikiisha kufungua, ule ni mutu yetu. Hata bus ijae, anapanda.

Pikipiki ikasimama mbele yetu. Nyuma ya dereva alishuka mwanamke mwenye tope mpaka magotini.

— Mbote, ba papa. Natafuta Papa Lambert, convoyeur ya zamani.

— Ni mimi, mama.

— Mimi ni Fortunée. Mama yangu ni Simone.

Kahawa ilimpalia Issa.

— Simone gani?

— Ule wa kituo. Alikuwa anauzisha ndizi pale, njo batu baliita Kwa Simone. Papa, mama iko mugonjwa. Nataka nimulete huku ku docteur, anakataa moto, hii pikipiki. Anasema bus ya mwisho ilijaa, convoyeur alimuambia: ngojea, tunarudia. Mama akafunga jani. Jani ikikauka, anafunga ingine. Mpaka leo. Hakuna mutu alikuya kumuambia kama bus iliisha.

Papa Lambert alitazama vidole vyake. Nilimwonea huruma, nikaangalia barabara.

— Sasa nauliza, Fortunée akaendelea, kwa sauti ndogo. Convoyeur akifungua jani, na bus haiko, ni moto tu: mama atakubali kupanda?

Nilimtazama Archives. Archives akamtazama Ingénieur, Ingénieur akatazama kikombe. Mama Germaine aliinamisha birika. Yakatoka machicha matupu.

— Kawa imeisha, alisema.

Papa Lambert akasimama, akafunga vifungo vya koti lake mpaka juu, kama mtu anayeingia kazini.

— Sijui, mutoto yangu, alisema. Mimi kazi yangu ni kufungua. Tuende.

Walipanda wote wawili nyuma ya dereva. Ukungu ukawameza kabla ya kona, kisha tukasikia honi, mbali, na Issa akatega sikio.