Droo ya Mia na Kumi na Moja

Kijiwe chetu kiko Berea, mtaa wa wahamiaji, kwenye ngazi za ghorofa lenye lifti iliyokufa. Octave, Mkongomani, aliapa kuifufua, basi tunamwita Fundi Lifti. Lifti haijui habari hiyo. Kahawa anamimina Othmani wa Tanga, tunayemwita Jaji kwa kupenda kuamua yasiyomhusu. Leo Méthode, Mrundi mlinda magari, kaja na laptopu ya kuazima. Kampuni moja ya Sandton, kwa matajiri, imempa mtihani wa programu. Akifaulu, anaingia ofisini. Muda unakatika, na ushauri wa watu hawa umeshanichosha.

— Soma shauri, akasema Jaji.

— Kuna jedwali, akasema Méthode. Mstari wa juu: moja, kumi na moja. Wa chini: kumi na moja, moja. Nihesabu mistari ya kulala iliyo sawa na ya kusimama. Jibu ni mbili. Programu yangu inasema nne.

— Umelinganisha mmoja mmoja?

— Inachelewa, Jaji. Natumia hashimapu, yaani kabati. Kila mstari wa kulala naupa droo yenye jina lake. Wa kusimama unaita jina. Droo ikifunguka, nahesabu waliomo. Sasa nina droo moja tu, mia na kumi na moja. Wote wamejazana humo!

Octave akacheka.

— Eish! Iko sawa na flati yetu. Jina moja kwa mkataba, ndani kijiji kizima.

— Basi mwenye nyumba kawagundua, Jaji akaamua.

— Apana! Computer imesikia lafudhi ya Méthode. Batu ya Sandton iko nyuma ya sikrini, inahesabu na vidole!

Fauzia, jirani wa juu, alikuwa amefika na kikombe chake.

— Jamani, jedwali lina moja na kumi na moja. Hiyo mia imetoka wapi?

Octave peke yake akafungua mdomo.

— Mi nasema, ni umeme ya lifti...

— Octave, koma! Jaji akafoka.

— Koma! Méthode naye akaruka. Koma!

— Na weye pia? akauliza Octave, kanuna kweli.

— Alama ya koma, kaka! Nimebandika namba bila koma katikati. Moja na kumi na moja, kumi na moja na moja, zote zimekuwa mia na kumi na moja!

Akaziweka koma. Ikatoka mbili. Tulipiga kelele mpaka madirisha yakafunguka, na mimi nilifurahi kuliko nilivyotaka waone.

Kabla ya kutuma, sikrini ikauliza: umesaidiwa na mtu yeyote?

Méthode akatutazama. Jaji akachungulia birika, kahawa imekwisha. Sote tukamgeukia Octave.

— Weka hapana, akasema, bado kanuna. Mimi niliambiwa nikome.