Fundi Zefania Kitundu na Chujio Lililovuja Mara Tatu

Jumatano tarehe 30 Juni 1999, saa tisa na nusu alasiri, Fundi Zefania Kitundu atafunga sanduku lake la spana katika karakana ya Mradi wa Afya Vijijini hapa Shelui, na kesho yake hatalifungua. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa na miezi minne kazini. Wapo wafanyakazi wenzetu ambao hawajafikisha umri huo tangu wazaliwe, na hao ndio wanaosema kwa sauti kubwa kwamba mzee amechoka, aende akapumzike. Yeye mwenyewe hajamwambia mtu yeyote kwamba amechoka.

Alizaliwa Ulemo, katika mwaka ambao wazazi wake waliukumbuka kwa njaa na ambao ofisi yetu iliuandika kuwa 1944. Alisoma hadi darasa la nne, akachunga ng'ombe wa baba yake, kisha akawa utingo kwenye lori la pamba lililokuwa likipanda na kushuka mlima Sekenke. Kazi yake ilikuwa kukimbia nyuma ya lori akiwa na gogo begani, ili gari likikata pumzi mlimani aliweke haraka nyuma ya gurudumu. Husema kwamba hapo ndipo alipojifunza kusikiliza injini, kwa sababu utingo asiyesikiliza hakuzeeka.

Tarehe 1 Machi 1970 aliajiriwa na mradi kama mfagizi wa uwanja. Miaka mitatu baadaye jenereta ya zahanati ilizimika, fundi wa kutoka Singida akasubiriwa wiki nzima, na mfagizi akaomba ruhusa ya kuitazama tu. Aliitazama tangu asubuhi hadi adhuhuri, ikawaka. Ufagio ukapata mwenyewe mwingine. Mwaka 1981 akafanywa fundi mkuu wa karakana, mwenye dhamana ya magari mawili na pikipiki ambazo kwa wakati fulani zilifika kumi na moja.

Masikio yake yana hadithi nyingi. Akiwa kwenye kibanda cha chai cha Mama Jesca, ng'ambo ya barabara, angeweza kusema ni pikipiki gani inayokuja kabla haijatokea kwenye kona, nani amepanda, na kama huyo mtu amegombana na mke wake, kwa jinsi alivyobadilisha gia. Hili la mwisho madereva walilikataa hadharani, lakini tuliona kwamba waliokuwa na magomvi nyumbani walianza kuzima injini mapema na kuja wakisukuma.

Vijana wanaoona leo maduka ya spea yamejipanga kuanzia stendi ya Singida hadi sokoni hawawezi kujua miaka ile ya shida ilikuwaje. Kati ya mwaka 1979 na 1985, kupata ringi moja ya mpira ilikuwa habari ya kusimuliwa. Mafundi hawakutupa kitu. Na kwa kuwa habari inayofuata imesimama juu ya ringi hiyo, inafaa kuieleza.

Pikipiki zetu zina chujio la oili, ambalo mafundi huliita filta, upande wa kulia wa injini. Limefunikwa na mfuniko mdogo wa bati nene unaokazwa kwa bolti tatu. Kwenye mdomo wa mfuniko kuna mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji hukaa ringi ya mpira inayozuia oili isitoke. Ringi ikikaa muda mrefu inabonyea, na ikibonyea haizuii tena. Kwa kuwa mpya haikupatikana, Zefania alibuni njia: alikata ukanda mwembamba kutoka kwenye tyubu ya gurudumu, akautandika ndani ya mfereji, na juu yake akailaza ringi ile ile iliyobonyea. Aliita kuitandikia godoro. Haikudumu sana, kwa sababu tyubu ikilowa oili huvimba, lakini ilimfikisha mganga kijijini na kumrudisha. Kwa godoro hilo pikipiki za mradi zilitembea miaka sita, wakati za wengine zimeegemezwa ukutani na kuku wametagia juu yake.

Kisha ikaja ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa. Ringi zikaanza kufika zikiwa mpya, ndani ya vifuko vya nailoni, na karakana ikasahau kwamba kuna jambo lililobaki nyuma.

Mwaka 1993 mradi ulimkabidhi pikipiki Muuguzi Loyce Gyunda. Alikuwa mwanamke wa kwanza kwetu kukabidhiwa, na kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo katika vijiji vya mbuga ya Wembere. Chanjo husafiri ndani ya boksi lenye barafu, na barafu haingoji mtu. Bila pikipiki, vijiji vile vingeonja chanjo mara moja kwa miezi miwili, tena kwa bahati, na Loyce angerudi chumba cha kufunga vidonda.

Mwezi wa pili mwaka 1994, baada ya matengenezo ya kawaida, pikipiki ya Loyce ilianza kuvuja oili kwenye mfuniko wa chujio. Zefania akaifungua, akaweka ringi mpya, akafunga. Baada ya siku tano ikavuja tena. Akaifungua tena, ringi nyingine mpya, bolti akazikaza zaidi. Ikavuja mara ya tatu, na safari hii ikamwacha Loyce njiani na boksi lake, akatembea saa mbili.

Maneno yakaanza. Matingo wa malori walisema hakuna haja ya kuuliza dada wa chanjo amekwenda wapi, fuata matone. Loyce aliwajibu kwamba afadhali yeye akipotea ataonekana, wao wakipotea hakuna atakayewatafuta. Lakini ofisini hakukuwa na mzaha. Mkuu wa mradi, Bwana Philipo Msengi, mtu wa haki lakini mwepesi wa kuhitimisha, alisema hakuna chujio linalovuja lenyewe. Fundi ni yule yule, ringi ni mpya, basi kilichobaki ni mpandaji. Mfuniko uko kulia, na kwa maoni yake Loyce alikuwa akiangukia kulia na kuficha. Loyce alisema hajaanguka hata siku moja. Aliulizwa mara tatu, akajibu vile vile mara tatu. Barua ya kumnyang'anya pikipiki na kumpa mwanamume ikapigwa chapa Ijumaa, ingoje sahihi Jumatatu.

Jumamosi, ambayo haikuwa siku yake ya kazi, Zefania alikuja karakana. Alikuwa ameomba vipande vya chaki shuleni, akavisaga. Aliifuta injini ikakauka, akaipaka unga wa chaki pande zote za mfuniko ikawa nyeupe kama imetiwa poda, akaipanda hadi chini ya Sekenke na kurudi. Kama mfuniko ungekuwa umegonga jiwe, alieleza, oili ingetokea mahali pamoja, penye ufa au penye pembe iliyopinda. Yeye na mtunza stoo walipoinama kutazama, unga ulikuwa umelowa mduara mzima, sawasawa, kama mdomo wa kikombe.

Alifungua bolti tatu, akaubandua mfuniko, akauweka juu ya gazeti. Ringi mpya ilikuwa nzima, inang'aa. Chini yake, ndani ya mfereji, palikuwa na ukanda wa tyubu, umevimba kama haragwe lililolowekwa.

Hakuna aliyeuweka isipokuwa yeye. Mara zote tatu, kuanzia yale matengenezo ya kawaida, aliubandua uliovimba, akakata mwingine, akautandika, akailaza ringi mpya juu, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati huku akizungumza mambo mengine. Ringi mpya haihitaji godoro. Ikitandikiwa, mfuniko haukai hadi chini. Bolti zinajiona zimekaza kumbe zimekaza hewa, na injini ikipata moto oili inatafuta njia. Zefania aliketi juu ya tairi akiwa na ule ukanda kiganjani.

Lazima isemwe hali ilivyokuwa wakati huo. Wafadhili walikuwa wamepunguza fedha, na kila mtu alijua kwamba ofisini kuna orodha ya watakaopunguzwa kazi. Karakana ilikuwa na mafundi watatu na ingebaki na wawili. Zefania alikuwa na miaka hamsini, darasa la nne, na watoto wawili sekondari. Angeweza kuutupa ule ukanda, kufunga mfuniko, na uvujaji ungekoma bila mtu mwingine kujua sababu. Aliyemshauri afanye hivyo ni mtunza stoo, ambaye ndiye anayeandika habari hii. Mtu kama yeye, aliyewahi kufungasha maisha yake yote katika fuko moja na kuvuka mpaka akiwa mkimbizi, huwa mwepesi wa kuwashauri wengine wanyamaze. Zefania alijibu kwa upole kwamba oili ingekoma, ila barua isingekoma.

Kwa hiyo aliifunga kama inavyotakiwa. Alisafisha mfereji kwa kijiti cha mti, kwa sababu bisibisi hukwaruza bati, akaipaka ringi oili kidogo kwa ncha ya kidole, akailaza peke yake, kisha akakaza bolti tatu kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, hadi zikakubali. Akapaka chaki upya na kwenda Sekenke mara ya pili. Unga ulirudi mkavu.

Jumatatu asubuhi, katika kikao cha wafanyakazi wote, alisimama kabla Bwana Philipo hajafungua faili. Aliweka ukanda ule juu ya meza na kusema, "Bwana Mkuu, dada huyu hajaanguka popote. Aliyekosea ni mimi, mara tatu, na kosa lenyewe ni hili."

Bwana Philipo aliuchukua, akaugeuza, akauliza kwa nini fundi mwenye ringi mpya mkononi atandike mpira wa tyubu chini yake.

"Mkono umezoea shida," alisema Zefania. "Spea zimekuja, mkono haujapata habari."

Wengine walicheka, kwa kuwa lilikuwa la kuchekesha, kisha wakakumbuka mikono yao wenyewe. Wauguzi waliokuwa bado wanafua bendeji wakati za kutosha ziko stoo waliinamisha vichwa. Loyce alikuwa amekwisha kumwamkia Zefania asubuhi ile getini. Aliinuka kwenye benchi, akapiga goti kidogo, akamwamkia tena shikamoo mbele ya watu wote. Zefania aliitikia marahaba, kisha akatafuta kitu cha kutazama sakafuni.

Barua ile haikutiwa sahihi. Lakini kosa halikupita bure. Ofisi ilimwacha Zefania kazini na kumwondolea ufundi mkuu, ikaukabidhi kwa Antipasi, kijana aliyemfundisha mwenyewe tangu hajui kushika spana. Tangu siku ya kwanza Zefania alimwita Antipasi Bwana Mkuu, na wala hakuwa akimkejeli. Antipasi aliona haya kiasi cha kujificha stoo kila aliposikia hatua za mwalimu wake, hadi Zefania alipomfuata humo na kumwambia kwamba mkuu asiyeonekana huongeza kazi kwa walio chini. Kwa miaka mitano waliyofanya kazi hivyo, hatukusikia ugomvi kati yao. Tulisikia mabishano juu ya karbureta tu.

Kazi ya kwanza aliyoomba chini ya mkuu mpya ilikuwa kuzifuata pikipiki nyingine zote. Hakungoja ziletwe. Alizifuata Ulemo, akazifuata Iguguno, akalala kwenye zahanati, akafungua mfuniko mmoja baada ya mwingine. Kati ya kumi zilizobaki, sita zilikuwa na godoro, nazo zimeanza kutoa jasho la oili ambalo wapandaji walikuwa wakilifuta tu. Aliyatoa yote, na yeye akamwomba radhi kila mpandaji kwa jina lake. Ndipo ukaanza utaratibu tulio nao leo: fundi akimaliza kutengeneza pikipiki, huipanda yeye kwanza hadi chini ya mlima, kisha huandika jina lake kwenye kadi. Watu huudhani ni utaratibu wa wafadhili. Ni wa Zefania.

Muuguzi Loyce aliendesha pikipiki ile miaka mitano mingine na sasa ni msimamizi wa chanjo wa kanda yetu yote. Ameomba hotuba ya siku ya kuagana iwe yake, na ofisi haikuona sababu ya kumnyima.

Mzee Zefania, unarudi Ulemo kwa mkeo, Mama Magdalena, kwenye alizeti zako na ile redio uliyoitengeneza mara nyingi kuliko ulivyoisikiliza. Tunakushukuru kwa miaka yote hii, kwa mikono yako na kwa masikio yako. Uende salama, shamba likupe, miguu ikubebe, na wajukuu wakuamkie kila asubuhi. Sisi tuliobaki tutakukumbuka kila injini inapowaka, na zaidi inapokataa.

Tulipomwambia kwamba habari ya chujio itaandikwa katika jarida hili, tulidhani ataomba iachwe. Hakuomba. Alitaka jambo moja tu liwekwe wazi, kwa sababu katika mafaili ya mwaka 1994 bado ipo karatasi inayosema vingine, na karatasi huishi kuliko watu. Basi tunaliandika kama alivyotaka: Muuguzi Loyce Gyunda hakuanguka.