Marit Tollefson Aulizwe Tena

Mgeni rasmi, Bi Lorraine Whitcomb, Mkuu wa Udahili wa Chuo cha Ashgrove. Mwalimu wetu mkuu. Nanyi wazazi mlioacha ng'ombe wenu ili muwepo hapa:

KARIBU

Sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Sekondari ya Vesterby tunakushukuru kwa kuja licha ya theluji yote hii. Baada ya risala kuna viazi na nyama ya kusaga, vimepikwa na akina mama wa kanisa. Ukikataa utapakuliwa tu, maana hapa Minnesota mtu hukataa mara mbili kabla ya kukubali.

TULIKOTOKA

Shule hii ilijengwa na wafugaji waliotaka watoto wao wasome hata kama wangerudi zizini. Chuo chako tunakipenda kwa sababu hakimlazimishi mtu kuchagua fani siku ya kwanza. Anasoma kemia asubuhi na falsafa mchana, hadi ajue moyo wake unataka nini.

MAFANIKIO

Vyote mnavyodai tunavyo: matokeo ya miaka minne, insha, barua za walimu wawili, fomu za msaada wa ada. Sehemu hii ni fupi kwa sababu kujisifu kwetu ni aibu, na hapo ndipo changamoto inapoanzia.

CHANGAMOTO

Novemba iliyopita, mwenzetu Marit Tollefson alihojiwa na ofisa wako. Aliulizwa, "Nje ya masomo unafanya nini?"

Akajibu, "Ah, si mengi. Nasaidiasaidia tu nyumbani."

Ofisa akangoja aendelee. Marit naye akangoja swali jingine.

Barua ya Mwalimu Brekke nayo ilisema, "Marit si mbaya." Mgeni rasmi, mzee huyu amefundisha fizikia tangu wazazi wetu wakiwa wanafunzi, na hajawahi kumwandikia mtu mwingine sifa nzito kama hiyo. Mama yake Marit alipoonyeshwa, alilia. Chuo kikajibu kwamba Marit asubiri uamuzi hadi Machi. Tuliumia sana.

TUNACHOOMBA

Kwanza, tunapohojiwa, jirani awepo. Habari zetu wenyewe zinatushinda kusema, ila za jirani tunazisema hata bila kuombwa.

Pili, Marit aulizwe tena, na tunaanza sisi. Tangu baba yake aumie mgongo, ndiye anayekamua ng'ombe wote kabla ya basi la shule kufika. Falsafa anaisoma huku mashine zikikamua, na vitabu vya maktaba anavirudisha vikinuka zizi. Nusu yetu tumefaulu hesabu kwa sababu yake.

Msomaji wetu amesita hapa, na tunamwelewa. Sehemu zote zinazomtaja tumezipachika leo asubuhi bila yeye kujua, kwa kuwa msomaji ndiye Marit mwenyewe. Tulimdanganya kwamba tumemchagua kwa ajili ya sauti, ile anayoitia ng'ombe hadi ng'ambo ya ziwa. Marit, usikae. Malizia.

Mgeni rasmi, huyo hapo mbele yako. Muulize.

Mungu akutangulie barabarani, na barafu isikuguse. Kwa kuja kutusikiliza, tunakupa sifa kubwa kuliko zote tulizo nazo: wewe si mbaya.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Mwaka wa Mwisho,
Sekondari ya Vesterby.