Globu ya Revelian na Kitambaa cha Auleria

Kijiwe chetu cha Temeke kilikuwa na benchi moja, birika la Mwinshehe muuza kahawa, na wataalamu wa kila kitu. Mie nilikuwa mmojawapo, sijisifu. Jumamosi moja, miaka ile ya foleni za sukari, saa nane mchana, jua linatuchoma utosi, akaja Revelian, karani wa elimu ya watu wazima, kaipakata projekta ya ofisini kama mgonjwa. Saa kumi baba yake Auleria, binti aliyemposa, alikuwa anakuja kutazama ukutani picha za kina Revelian kwao Bukoba. Mzee kaapa hamtoi binti kwa watu asiowaona, na nauli ya kwenda huko hana. Sasa jana yake, Revelian akiijaribu mashine, umeme ukakatika ghafla. Uliporudi, globu haikuwaka tena.

— Huo ni mshtuko, akasema Injinia, aliyekuwa akifagia chumba cha jenereta bandarini. Globu imetulia inafanya kazi yake, mara giza! Hata wewe ungezimia. Ipepee.

— Acha uongo! akadakia Sheria, tarishi wa mahakama. Umeme ukikatika hauondoki wote. Unaobaki unajificha ndani ya globu. Huu mpya ukija unakuta chumba kina mtu. Lazima zichapwe ngumi!

Mie niachwe nyuma? Thubutu!

— Nyie hamjui kitu. Umeme ulikatika kabla picha haijarudi kwenye mashine. Imenasa ukutani. Revelian, kakwangue chokaa.

— Jamani, globu inatoka Ulaya, miezi sita! akasema Revelian, kaikumbatia projekta. Nampenda yule dada, msinifanyie mzaha.

— Mwambie mkwe globu imetaifishwa, akasema Sheria. Hilo habishi mtu.

— Mkwe mwenyewe mkorofi? akauliza Injinia.

— Sijawahi kumwona, mambo yote yanapita kwa mshenga. Lakini nasikia ana roho ngumu.

Mwisho wa benchi alikuwapo mzee mgeni, kavaa koti na jua lote lile, anakunywa kahawa yake kimya. Akakohoa.

— Kijana, umeme ulipokatika ulifanyaje?

— Shikamoo mzee. Niliifunika mashine, vumbi lisiingie. Kwa kitambaa hiki alichonifumia Auleria, kama tunavyofunika redio.

— Marahaba. Ilikuwa ya moto?

— Inaunguza vidole.

— Na feni yake ya kuipoza imesimama?

Revelian akakitazama kitambaa.

— Basi umeipika.

Mzee akakichukua kitambaa. Katikati kilikuwa kimeungua, doa la kahawia upana wa kisosi. Akakigeuza mara mbili.

— Maua haya ya kwenye kona nayajua. Binti yangu kayafuma mwezi mzima, kibarazani kwangu.

Injinia akapaliwa na kahawa. Sheria akaanza kutafuta kitu chini ya benchi. Revelian akapiga magoti mchangani.

— Shikamoo baba.

— Umeshanisalimia. Picha ziko wapi?

— Baba, globu...

— Nimesikia, imetaifishwa. Lete picha.

Akachukua kijipicha kimoja cha filamu, vile vinavyopitisha mwanga, akakiinua kuelekea kwenye mwanga wa jua, akafumba jicho moja. Na sie wote tukatazama juu, kwenye lile jua lililotuchoma tangu asubuhi.

— Huyu aliyesimama mgombani ni mama yako?

— Ndiye, baba.

— Anacheka vizuri. Basi nimewaona. Mwambie mshenga aje tupange siku.

Revelian akalia pale pale mbele za watu. Sie tukapiga makofi, kila mtu anadai wazo la jua lilikuwa lake, alikuwa anangoja tu nafasi ya kusema. Mzee akakikunja kitambaa taratibu, akakiweka katikati yetu.

— Haya, wataalamu. Nani kati yenu atakwenda kumweleza Auleria habari za kitambaa hiki?

Mwinshehe akatangaza kahawa imekwisha, huku tunaisikia ikisukasuka birikani mkononi mwake.