Brashi, Mchora Makabati ya Gemu Aliyekatwa Jina

Mdogo wangu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mshona nguo, katika nyumba yenye milango miwili: mmoja wa wateja, mmoja wetu. Alipokuwa na miaka sita alichukua rangi ya viatu ya baba akachora farasi kwenye ukuta wa jirani. Jirani alikuja juu. Baba alipokwenda kutazama alimuuliza, "Mbona farasi wako ana miguu mitano?" Akajibu, "Anakimbia, baba. Minne haimtoshi." Alichapwa, ukuta ukaoshwa, na tangu siku hiyo akaitwa Brashi.

Alisoma shule ya msingi ya ng'ambo ya reli kuanzia 1965 hadi 1971. Hakuendelea. Karo ilitosha mtoto mmoja, na huyo akawa dada yetu, ambaye ni mwalimu mstaafu na amekaa pale mbele. Sisi wengine tulijisomea kwa magazeti ya kufungia viatu, na hatukumwonea kijicho.

Mwaka 1973 marehemu aliingia kwa mchora mabango wa sinema kujifunza kazi. Mwaka mzima alisafisha brashi za watu kabla ya kuruhusiwa kugusa turubai. Leo mtu ananunua kompyuta Jumatatu, Jumanne anajiita msanii. Wachoraji wa siku zile walikuwa na sheria yao ambayo hakuna bunge lililoipitisha. Ukitaka kuiga mchoro wa mwenzio, unakwenda kwake na kopo la rangi mkononi, unabisha hodi, unaomba. Akikubali, unaliandika jina lake chini ya lako. Akikataa, unarudi nyumbani na kopo lako. Sheria hiyo ilizikwa kabla ya Brashi, na haikusomewa wasifu.

Tarehe 12 Februari 1983 alimwoa shemeji yangu, aliyekuwa akiuza nyuzi na vifungo sokoni. Watu walimcheka kwa sababu ya kovu la moto kwenye kidevu cha bibi harusi. Aliwaambia, "Ninyi mmeoa karatasi tupu. Mimi nimeoa iliyopigwa mhuri."

Sinema zilipofungwa, alishikana mikono na seremala tuliyemzoea kwa jina la Msumari. Msumari alikuwa ameanza kuunda mashine za gemu, yale makabati ya mbao yenye televisheni kuukuu ndani na vitufe mbele, maana za kutoka nje zilikuwa hazishikiki bei. Msumari alipiga randa, Brashi alipaka rangi. Kabati likiuzwa waligawana palepale, juu ya benchi, vumbi la mbao likiwa bado miguuni. Hawakuwahi kugombana.

Isipokuwa mara moja. Msumari alimwambia, "Wewe nakili tu picha za kwenye maboksi ya gemu. Nani atakuja kutukamata huku?"

"Sawa. Na mimi jioni nitaondoka na randa yako. Nani atakuja kunikamata?"

"Aa! Randa si ni yangu?"

"Na hizo picha zimejichora?"

Msumari aliificha randa wiki nzima.

Kwa hiyo Brashi alichora vya kichwani mwake, na kichwani mwake tulikaa sisi. Shujaa wa mbio za magari, mwanamke aliyefunga kitambaa chekundu, ni mkewe, kovu na vyote. Lile jitu la pua pana linalopigwa ngumi ni mimi. Hakuwahi kuniomba radhi. Kila ubavu mmoja wa kabati ulimchukua wiki tatu, na chini kabisa aliandika jina na mwaka.

Mwaka 2014 kijana mwenye duka la kuchapa stika aliingia na kamera kwenye ukumbi wa gemu, akamkuta Brashi. "Mzee, kazi yako ni moto. Naomba nipige picha mbili tatu." Brashi alifurahi. Alifuta vumbi kwa pindo la shati lake, akalisogeza kabati kwenye mwanga, akamwambia asimame upande ule usiong'aa. Alimshikia taa mwizi wake, akamshukuru.

Mwaka ulipogeuka, stika zilikuwa zimejaa kila mahali, kwa vinyozi, kwenye baa, kwenye vituo vya mafuta. Jina lililokuwa chini lilikuwa limekatwa kwa mkasi. Wateja wa Msumari wakahamia kwenye stika. Shemeji yangu akawa anaenda sokoni na kuikuta sura yake imezimiwa sigara.

Tulikwenda dukani watatu, yeye, mkewe na mimi.

"Shikamooni wazee," alisema mwenye duka, yuleyule wa kamera, bila kuinuka.

"Marahaba. Mwanangu, picha hizi umezitoa wapi?"

"Mtandaoni, mzee. Vya mtandaoni ni vya wote."

"Na huyu mwanamke?"

"Katuni tu huyo. Kachorwa na kompyuta."

Shemeji akasogea hadi chini ya stika iliyotundikwa, akainua kidevu. "Kovu langu kompyuta yako imelijulia wapi?"

Mteja mmoja akaangua kicheko. "Bosi, katuni yako imekuja kudai!"

Marehemu hakudai makubwa. Alitaka alipwe kitu kwa kila nakala, na jina lake lirudi chini ya picha. Mwenye duka alisema jina litaharibu muonekano. Kisha akatuagizia soda na, sijui kwa akili gani, akamkabidhi Brashi stika moja ya bure. Brashi aliiacha juu ya meza pamoja na soda.

Ofisi ya hakimiliki ilimtaka alete michoro ya asili. Hapo ndipo nilipomwona mdogo wangu analia. Tulizunguka kwa walionunua makabati, na tulikuta wengi wamebandika stika juu ya rangi. Mchoro wake ulikuwa umefunikwa kwa nakala ya mchoro wake. Mwenye ukumbi mmoja alitueleza bila aibu, "Ya stika inang'aa zaidi, mzee wangu."

Alianza kukohoa mwaka 2019. Daktari alisema ni mapafu, na kwamba miaka mingi ya kuvuta harufu ya rangi ilichangia. Mwaka 2022, alipokuwa hawezi tena kupanda ngazi, Msumari alipata kabati moja nyuma ya gereji, akaibandua stika kwa maji ya moto na subira. Chini yake palikuwa na rangi nzima, jina na mwaka. Kesi ikafunguliwa.

Alilazwa mwezi Januari mwaka huu. Wodini alimchora muuguzi wa zamu nyuma ya bahasha ya dawa. Muuguzi akamuuliza, "Baba, nikiwaonyesha wenzangu ni sawa?" Brashi akanigeukia. "Kaka, umesikia? Ameniomba." Sijamwona mtu amefurahi hivyo kwa swali. Alifariki tarehe 3 Machi, saa kumi alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia.

Kesho yake mwenye duka la stika alifika msibani. Alileta bahasha ya rambirambi, na ndani ya bahasha karatasi ya kusaini, kwamba familia inamwachia michoro yote na kesi inafutwa. "Mama, saini hapa tu, gharama zote za mazishi juu yangu." Kesi inasikilizwa mwezi ujao, ndiyo maana huruma ilimjia haraka. Nilitaka kumtoa kwa fimbo. Shemeji alinizuia, akamrudishia bahasha.

"Mwanangu, umeniuza miaka kumi bila saini ya mtu. Leo saini ya nini?"

Kijana akatafuta viatu vyake. Jeneza mnaloliona amelipiga Msumari kwa mikono yake, na gharama tumechanga wenyewe.

Marehemu ameacha mke, wana wawili, wajukuu watano, dada yake mwalimu, mimi kaka yake, mwenzake Msumari, na mwanafunzi wake, binti aliyechora picha iliyo mbele ya karatasi hii mliyopewa. Jina la binti liko chini ya picha, na mchapishaji ameambiwa asiliguse. Ameacha pia kesi moja. Mjane ndiye atakayesimama, tarehe 18 Aprili, saa tatu asubuhi, na anayetaka kwenda naye ajiandikishe kwa Msumari kabla hatujatawanyika.

Brashi apumzike kwa amani. Kesi yake haipumziki.