Beki Aliyeiba Dawa za Mama Mkwe

Bwana asifiwe sana, wapendwa! Wengi hapa Missouri City mnaniita Shemeji, kwa sababu mke wangu Neema ni dada yenu wa Moshi. Kiswahili amenifundisha yeye, kwa hiyo nivumilieni.

Nilizaliwa Ayalandi. Tangu utotoni nilicheza hurling, mchezo wetu wa fimbo na mpira mdogo mgumu kama jiwe. Nilikuwa beki, na kazi ya beki ni kutosogea hata fimbo zikimjia usoni. Niliichezea kaunti yetu miaka tisa. Vidole vilivunjika, kisha goti likaharibika. Daktari akanipa vidonge vya maumivu. Goti lilipopata nafuu, vidonge sikuviacha.

Nikahamia Houston hapa jirani, kazi za ujenzi. Jumapili nilicheza na Waayalandi wenzangu. Ndugu zangu, siku moja nilimaliza mechi nzima kifundo cha mguu kimepasuka, wala sikusikia! Walinibeba juu juu wakiniita shujaa. Hawakujua nilichomeza.

Kisha mama mkwe akaja, akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Neema akiwa kazini, mimi ndiye niliyemuuguza. Nikaanza kuiba dawa zake. Kwenye chupa nikaweka vidonge vya kawaida vya kichwa. Wiki nzima mama alilala ameuma kanga kwa maumivu, na mimi namletea chai!

Asubuhi moja akanishika mkono. "Mkwe wangu, dawa hizi si zile za kwanza. Maumivu yangu nayajua yalipo. Ya kwako yako wapi?"

Hakunitukana. Nilipiga magoti pale pale, nikasema yote. Akaniombea kwa Kichaga. Sikuelewa neno, ila nililia kama mtoto. Neema aliporudi nilimweleza mwenyewe. Akachukua funguo za gari. "Twende kliniki."

Siku kumi za jasho, kutapika na kutetemeka! Mchezo nao nikauacha. Sitawadanganya, hilo liliniuma kuliko goti.

Huu ni mwaka wa tatu, sijagusa kidonge. Goti linauma, na namshukuru Mungu kwamba nalisikia. Mama yule pale mbele, anatembea bila mkongojo. Atukuzwe Mungu!

Ndugu yangu unayeficha jambo, mwamini Yesu leo. Kisha ukifika nyumbani, sema kweli. Anza na yule unayemwogopa zaidi.